Taa ya Fundi na Macho ya Baba

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na wapwa zangu? Yule mdogo mafua yamemwachia? Sisi huku wazima, na Baba anaendelea vizuri tangu atolewe mtoto wa jicho. Ila nina la kukusimulia kuhusu Mama.

Yule fundi mageti wa nyuma yetu aliibiwa vyuma, akafunga taa kubwa juu ya nguzo. Mwanga wote ukawa unamwagika chumbani kwa Baba. Mapazia hayakufua dafu. Daktari kasema macho yapumzike, na mzee wa watu analala kajifunika taulo usoni! Nikamfuata fundi nimefura. Akaniambia, "Kwani mwanga una mpaka?" Nusura tukunjane mashati.

Mama akanivuta mkono, kesho yake akaenda manispaa kuuliza. Kumbe sheria ipo: taa ya nje ielekee chini, na mwanga usivuke uzio kuingia kwa mwenzio. Nikashangilia, nikijua fundi kapatikana.

Mama akainua macho kwenye taa ya baraza letu wenyewe, inayotazama dirisha la mwalimu wa ng'ambo ya barabara. "Lete ngazi," akasema. Tukaigeuza, kisha akavuka kumwomba radhi. Mwalimu akacheka: "Mama, mbona nilishahamisha kitanda!" Aibu niliyoona, Dada, we acha tu.

Ndipo Mama akaenda kwa fundi. Manispaa hakuitaja hata kidogo. Alimpa pole ya wizi, akamkaribisha jioni aje kumjulia hali mgonjwa. Fundi akaketi kitandani kwa Baba, kiganja usoni, akijikinga na taa yake mwenyewe. Haukupita muda akanyanyuka. "Mzee, nisamehe. Sikujua."

Asubuhi alikata bati, akaivisha taa kofia na kuiinamisha. Sasa karakana yake inaonekana vizuri kuliko mwanzo, na Baba analala mpaka anakoroma.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakumbana na sheria. Akanijibu huku anachambua maharage, wala hakunitazama: "Sheria ipo, haikimbii. Lakini huyu ndiye tutakayezikana naye."

Nisalimie shemeji, na wapwa uwabusu mmoja mmoja. Baba na Mama wanakuombea heri. Mungu akulinde huko uliko.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitinda mimba