Lugha ya Doto Yenye "Yangu" Tatu

Mgodini, Geita

Kwako dada Mama Neema,

Shikamoo dada. Nakuomba, kabla hujasoma mstari wa pili, ingia ndani peke yako. Neno hata moja la humu lisimfikie baba. Amewaambia wanajumuiya wote wa Nyasubi kwamba mwanawe ni karani wa chumba cha dhahabu, na presha ya mama unaijua. Hata shemeji usimwambie. Ni mtu mwema lakini kunyamaza hawezi.

Neema ameacha kukohoa? Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti.

Unamkumbuka Doto niliyekusimulia, yule wa maabara anayeyeyusha dhahabu kabla mimi sijaipima? Sikukwambia kwamba ametunga lugha. Si kule kugeuza silabi tulikokuwa tukicheza utotoni. Ni lugha nzima yenye sarufi yake. Anasema duniani wapo wengi wanaotunga lugha kwa kupenda tu, na huonyeshana mtandaoni. Katika moja, mwenye kitu anawekwa tu nyuma ya kitu chake: "nyumba mimi," basi. Nyingine ina kiishio kimoja cha umiliki kwa vitu na kingine kwa viumbe wanaoweza kusema, kwa hiyo ukimtaja mwanao kama unavyotaja kiti chako, umemtukana.

Ya Doto inanipendeza kuliko zote. Sisi tunasema mkono wangu, jembe langu, dhahabu yangu, kana kwamba vyote tumevipata kwa njia moja. Yeye ana njia tatu. Ulichozaliwa nacho, kama mkono au dada, kinaunganishwa nawe bila chochote katikati. Anasema hapo hakuna wa kuingia. Ulichokipata kwa jasho kinawekewa "ro". Ulichoshikishwa tu, ambacho mwenyewe atakuja kukidai, kinawekewa "shi". Huwezi kusema "yangu" bila kujiuliza umeipataje. Nimekuwa nikitazama vitu vyangu upya, hata shati ulilonipa. Tulizungumza hivyo wakati wa chakula cha mchana, tukicheka.

Sasa kosa. Chumba cha dhahabu kina sheria: Kiswahili tu, ili walinzi waelewe kila neno. Hata Kisukuma ni marufuku. Jumanne Doto alinipa donge nipime, na kwa mazoea akasema, dhahabu shi wewe, yaani iliyo mkononi mwako tu. Nami nikamjibu kwa lugha ile ile. Mlinzi alikuwa nyuma yetu. Kufika mchana kambi nzima ilijua kwamba tunagawana dhahabu kwa lugha ya kichawi. Mizani haikuonyesha upungufu wowote, lakini simu zetu zilichukuliwa, tukaitwa kwa meneja.

Meneja ni Msukuma mtu mzima, hapandishi sauti, na ndiyo maana anatisha. Alimtoa Doto nje, akaniamuru niseme kwa lugha hiyo kwamba ng'ombe za baba yake zimekunywa maji. Nikaisema. Doto akaitwa atafsiri.

"Amesema baba yako anachunga ng'ombe za watu, na zimekunywa maji."

Mlinzi aliyetuleta akageukia ukutani kuficha kicheko. Kwa woga nilikuwa nimetia "shi".

"Baba yangu hakuchunga za mtu," meneja akasema. "Alizitafuta mwenyewe."

"Basi Deus amekosea, bosi. Hapo ni ro."

Akanisahihisha pale pale, taratibu, kana kwamba tuko kwenye wali maharage. Dada, moyo wa namna ile sijauona kwa mtu mwingine. Meneja akaijaribu sentensi kwa mdomo wake mwenyewe, mara ya pili akaipatia. Nikadhani tumepona. Kisha akauliza lugha hii ni ya nani.

Doto akaniwahi. "Ni yangu peke yangu, bosi. Huyu nilimsumbua tu ajifunze."

Ningenyamaza, ningerudi kwenye mizani siku ile ile. Nilimwona baba mbele ya macho yangu. Lakini sikuweza kumwacha abebe peke yake.

"Na mimi nimo, bosi. Maneno mengine nimeyatunga mimi. Na kule ndani nilimjibu."

Meneja akasema anaamini hatujaiba, lakini mgodi si wake. Mwenyewe akirudi safari ndiye ataamua kama tunabaki. Mpaka hapo tunapanga vifaa stoo, na usingizi siupati. Tulipofika huko Doto akanigeukia. "Mjinga wewe," akasema, kisha akaniita ndugu yake kwa lugha yake, bila chochote katikati.

Nisalimie mama, bibi wa chumba cha mbele, mjomba fundi baiskeli, na mwalimu wa kwaya. Waambie niko salama. Mpaka sasa si uongo.

Mdogo wako, Deus.

Ukitaka kunipata, simu usipige wala usitume ujumbe, bado wanazo. Mpe barua kondakta wa basi la asubuhi la kuja Geita, yule wa kofia ya kijani, amwachie Mama Shija anayekaanga samaki mbele ya stendi. Napita kwake kila Jumamosi. Jina langu usiliweke juu ya bahasha. Andika "mdogo wangu," basi. Nimeshamweleza, akiona hivyo atajua ni mimi.