Maji Kabla ya Nikahi

Jumatatu, 12 Mei
Sijanywa maji tangu alfajiri. Nilitaka udhu ufike adhuhuri. Haukufika. Parkinson imenipa mikono ya kutetemeka na kibofu kisichongoja. Vidole bado vinapigana na mkanda, mkojo umeshatoka. Mke wangu anafua suruali zangu. Jumamosi msikitini ni nikahi ya binti yetu Zaituni, na walii wa kumwozesha ni mimi. Naona aibu.

Jumanne, 13 Mei
Nimempigia mdogo wangu Juma, kule Nateete. Nimemwomba amwozeshe Zaituni kwa niaba yangu. Kakubali haraka mno. Zaituni kasikia. Kagongagonga masufuria mpaka jioni. Bora anune kuliko nijikojolee mbele ya wakwe.

Jumatano, 14 Mei
Mkojo unachoma, rangi kama chai kavu. Nimefunga choo. Mke wangu kanipeleka kliniki bila kuniuliza. Nesi kapima: maambukizi. Kauliza kama nakunywa maji. Nikadanganya. Mke wangu akatoboa siri pale pale. Kumbe kujinyima maji ndiko kunakochokoza kibofu! Nimepewa dawa. Maji ninywe mchana, jioni nipunguze. Chai kidogo. Chooni niende kwa saa, nisingoje kubanwa. Mkanda basi, nivae suruali ya mpira kiunoni.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemwuliza sheikh. Asiyeweza kuzuia mkojo hutawadha wakati wa sala ukiingia, akaswali, hata ukidondoka. Jibu jepesi hivyo, nami nimejitesa na kiu! Nimejikasirikia. Leo nimekunywa maji, nimefika chooni mkavu. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 16 Mei
Nimemwambia Juma aje kama mgeni tu. Kanuna. Anune.

Jumamosi, 17 Mei
Nilikwenda chooni kabla. Lakini sheikh akarefusha hotuba, nikabanwa. Nikasimama.
"Nisameheni. Kibofu changu kigonjwa. Naenda chooni, narudi."
Kisha baba wa bwana harusi naye akainuka.
"Twende wote, mkwe. Mimi nilikuwa naogopa kusema."
Watu wakacheka, nami nikacheka. Tuliporudi, mkono wangu ulitetemeka ndani ya mkono wa bwana harusi. Akaushika vizuri. Maneno nikayasema mwenyewe, yote.
Kabla ya kupanda gari Zaituni kaniinamia sikioni.
"Baba, nilitaka sauti yako tu."
Nyumba imetulia. Mama yake kalala na viatu. Nimemvua mimi, polepole. Vidole vimekubali.