Mari Ndani ya Kioo

Cardiff, 2 Desemba

Kaka Emrys,

Habari za huko Llangynwyd, na goti lako? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unafuka moshi. Jana nilikwenda kwenye maonyesho ya sanaa ya Rhodri, mume wangu wa zamani. Kumejaa mila zetu: vinyago vya majani, dubu wa nyasi kavu. Na katikati, ndani ya kabati la kioo, Mari wetu! Lile fuvu la farasi la baba, na shuka lake jeupe, alilolipitisha mlango kwa mlango kila Mwaka Mpya. Miaka yote tunadhani limepotea! Kibao kinasema: “Kazi ya Rhodri, mlinzi wa mila.”

Nataka aumbuke, kaka.

Dada yako,
Nest

Llangynwyd, 6 Desemba

Dada Nest,

Goti linalia, tumbo linacheka. Nilitaka nije nimvunje pua, nikakumbuka mara ya mwisho nilipopigana: nilibebwa na mke wangu. Basi tutafanya kimila. Siku atakayohutubia wageni, wewe kaa ndani. Mimi na waimbaji wa hapa kijijini tutabisha mlango na kuimba. Mwenye nyumba akitukanwa na waimbaji wa Mari haruhusiwi kununa wala kuita polisi. Sharti ajibu kwa beti, akishindwa afungue mlango. Si yeye mlinzi wa mila? Haya, alinde.

Kaka yako mnene,
Emrys

Cardiff, 15 Desemba

Kaka Emrys,

Koo limepona? Mlikuwa nje, hamkuona. Ubeti wa kwanza, Rhodri akatabasamu. Wa pili, ulipomwita mwizi aliyemwibia mkwe wake, tabasamu likaganda. Bibi mmoja akamwambia, “Mjibu basi, mwanangu!” Akafungua kinywa kama samaki. Ukumbi ukaangua kicheko, kisha wakaanza kuitikia pamoja nanyi. Msimamizi akauliza, “Ni kweli, Rhodri?” Akabwata, “Lilikuwa linaoza tu darini kwao!” Kakiri mwenyewe, mbele ya watu wote. Kioo kikafunguliwa papo hapo.

Mari yuko jikoni kwangu, nimempigia pasi shuka lake. Jana Rhodri kapiga simu, sauti ya kinyonge: “Nest, yaishe.” Nikamwambia, “Yaishe vipi, bwana, na Mwaka Mpya haujafika?”

Njoo umchukue Mari, kaka. Mlango wa kwanza uwe wa Rhodri. Bado hajui hata ubeti mmoja.

Dada yako,
Nest