Feni Iliyokata Sauti ya Baba

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa chumba cha upelelezi, kituo cha polisi, Jumanne saa nne asubuhi

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada
Jinsia na umri: mwanamke, miaka 41
Kazi: mhariri wa sauti
Makazi: nyumba ya familia, mtaa wa nyuma ya stesheni ya reli

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, nikiwa na baba yangu mzazi. Amekaa hapa kushoto kwangu. Baba hawezi kuongea, kwa hiyo nimemwomba anigonge mkono nikisema jambo lisilo sahihi.

Baba alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli hadi alipostaafu. Yeye ndiye aliyewaambia watu kwa kipaza sauti treni ipi inaingia na ipi imechelewa. Mji mzima unaijua sauti yake. Hata baada ya kustaafu, akisalimia tu dukani, watu walikuwa wanageuka kumtafuta.

Mwezi wa pili mwaka huu alikutwa na uvimbe kooni. Daktari alituambia kwamba itabidi wamwondoe zoloto, kiungo kinachotoa sauti, na kwamba akishafanyiwa upasuaji huo hataongea tena. Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni baba akasema, "Basi tuiweke akiba mapema." Alikuwa na maana ya sauti.

Nina chumba cha kurekodia nyuma ya nyumba yetu, kina mablanketi ukutani na kompyuta ya mezani. Tulianza kumrekodi kila asubuhi, wakati koo lilikuwa bado halijachoka. Alitaja majina ya wajukuu, mmoja mmoja. Alisimulia alivyokutana na mama. Aliwatakia heri watoto wa mdogo wangu kwa harusi zao, ingawa mkubwa wao bado ananyonya kidole.

Wiki ya pili kompyuta ilianza kujizima. Nilikuwa naisikia feni ya ndani, ile inayopoza prosesa, inanguruma vizuri, halafu ghafla kimya. Baada ya dakika chache skrini inakuwa nyeusi. Ukigusa ubavu wa boksi, ni moto kama pasi. Siku nyingine feni hiyohiyo inazunguka tangu asubuhi mpaka jioni bila kusita, mpaka unajiona mjinga kwa kulalamika.

Nilifanya ninayoyajua. Nilifungua mfuniko, nikapuliza vumbi, nikasafisha mapanga ya feni kwa brashi. Nilisogeza boksi mbali na ukuta. Nilipangusa dawa ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa nikapaka mpya. Nilitazama mipangilio ya mashine isije ikawa ndiyo inayoiamuru feni ilale. Kila kitu kilikuwa sawa. Ilikaa vizuri kidogo, halafu ikasimama tena.

Kila iliposimama wakati wa kurekodi, sauti iliyokuwa haijahifadhiwa ilipotea, na baba alilazimika kurudia. Alikuwa anakunywa maji ya uvuguvugu, anashika koo, anaanza upya. Hakulalamika. Siku moja alisema, "Feni hii ingekuwa treni, ningeshawatangazia abiria warudi makwao." Nilicheka, na yeye alicheka mpaka akakohoa damu kidogo kwenye leso.

Hapo ndipo nilipompigia mdogo wangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda. Ana karakana ya kutengeneza kompyuta karibu na soko. Mama alifariki Kitinda akiwa hajaanza shule. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha na kumfunga kamba za viatu. Nasema hivi ili afande aelewe kwa nini sikuwa na wasiwasi.

Kitinda alikuja mwenyewe akaichukua kompyuta. Akaniambia, "Dada, nipe na nenosiri. Lazima niipe kazi nzito nione feni inafanya nini." Nenosiri hilo sijawahi kumpa mtu yeyote, hata mume wangu. Nilimpa.

Aliirudisha kesho yake, feni inazunguka. Alisema aliikuta na waya umelegea, ameukaza. Siku chache baadaye ikasimama tena. Akaja akaichukua tena. Ikawa ndiyo mtindo. Kwenye meza yake feni haikusimama hata mara moja. Alikuwa ananiambia, "Hapa kwangu iko safi. Chumba chako ndicho chenye joto, hayo mablanketi." Nilinunua feni ya kusimama nipoze chumba, lakini mvumo wake ulikuwa unaingia kwenye maikrofoni, nikaizima. Nilimwambia abadilishe feni yote iishe. Akasema, "Ya nini? Hii nzima kabisa, niachie mimi."

Asubuhi ya kumpeleka baba hospitali, mkoba wake ulikuwa tayari mlangoni. Aliniita chumba cha kurekodia akasema kuna jambo moja limebaki. Lilikuwa la kwangu. Alizungumza na mimi kwa jina langu la utotoni, polepole, akiwa amefumba macho. Sikutazama skrini. Alipomaliza ndipo nilipogundua kwamba feni ilikuwa imekaa kimya na mashine imezimika. Hakuna kilichobaki. Nilimtazama, akatikisa kichwa. Hakuwa na nguvu ya kurudia, na gari lilikuwa linasubiri. Aliyoyasema niliyasikia kwa masikio yangu, ila naomba yasiandikwe hapa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baba sasa anapumulia tundu la shingoni, kama afande anavyoona.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, mchana, nilikuwa natoka naye kliniki kwa miguu. Tulipofika kwenye maduka ya dawa mkabala na hospitali, tulimsikia baba. Naomba iandikwe hivyohivyo. Kwenye spika iliyokuwa juu ya mlango wa duka mojawapo, baba yangu alikuwa anasema: "Ndugu abiria wa maisha, mimi mnayenifahamu nilikuwa na uvimbe kooni. Nimekunywa dawa hii na nimepona bila kisu." Halafu akataja jina la dawa, ya chupa, ya maji.

Baba alisimama. Alipeleka mkono kwenye bandeji ya shingoni. Watu waliokuwa wanatoka hospitali walikuwa wanaingia dukani wanaulizia chupa. Mama mmoja aliyeshika karatasi ya kulazwa alimwambia mwenzake, "Si yule wa stesheni? Yule hawezi kudanganya." Nilitaka kumfuata yule mama, lakini baba alikuwa ameniegemea, sikuweza kumwacha. Yule mama nimemtafuta siku zilizofuata sikumpata.

Sauti ile ilikuwa na mkwaruzo wa wiki zake za mwisho. Sauti yake ya zamani ya stesheni haikuwa hivyo. Sauti ya mkwaruzo ilikuwa kwenye kompyuta yangu tu, na aliyewahi kukaa na kompyuta hiyo zaidi yangu ni mtu mmoja.

Sikutaka kuamini. Nikasema moyoni nianze na feni, labda feni itamtetea. Niliing'oa nikaipeleka kwa muuza vipuri wa mtaa wa pili, mtu asiyemjua Kitinda. Aliiunganisha na umeme mezani kwake, ikazunguka. Akaupinda waya kwa kidole, ikasimama. Akaunyoosha, ikazunguka. Akabandua utepe mweusi uliofungwa karibu na plagi, ambao mimi nilipokuwa nasafisha nilidhani ni wa kiwandani. Waya mwekundu ulikuwa umekatwa kwa wembe, mkato ulionyooka, na ncha zake zimegusanishwa tu bila kuunganishwa. Mashine ikitikisika kidogo zinaachana. Nilimuuliza kama anaweza kuwa panya. Akasema, "Dada, panya gani huyo anatafuna halafu anafunga na utepe?" Feni hiyo na utepe wake nimevikabidhi hapa.

Jumapili alasiri nilimwita Kitinda nyumbani. Tulikuwa watatu sebuleni. Niliweka feni mezani. Aliitazama akacheka kidogo, akasema, "Sasa hii ndiyo nini?"

Nikamwambia, "Umekata waya ili nikuletee sauti ya baba."

Alikanusha kwanza, halafu akakiri kwamba aliukata wiki ile ya kwanza, siku aliyokuja kumsalimia Mzee, mimi nikiwa jikoni. Kisha akasema kwamba angeniomba ningemkatalia, kama ninavyomkatalia kila kitu. Alisema yeye na wenye dawa ile walihitaji saa nyingi za sauti ili programu ya kuiga sauti ijifunze kuongea kama Mzee, na nilikuwa naongeza mpya kila siku, kwa hiyo ilibidi mashine iwe inarudi kwake. Alikuwa ananieleza kama fundi anavyomweleza mteja.

Nilimwambia kwamba kila feni iliposimama baba alirudia maneno yale kwa koo lile. Nikamweleza na ya asubuhi ya hospitali. Akasema hiyo hakuikusudia. Alisema, "Nilijua Mzee siku hizi hatoki. Sikutegemea atasikia."

Baba alikuwa anamtazama tu.

Kisha Kitinda akasema jambo ambalo ndilo lililonileta hapa. Alisema Mzee alimpa ruhusa kabla ya upasuaji, wakiwa wawili karakana, na kwamba anao ushahidi. Alitoa simu akabonyeza. Baba akasikika akisema: "Mwanangu, sauti yangu itumie unavyoona inafaa, mimi nimekubali kwa moyo wangu wote na sitaki dada yako wala mtu mwingine yeyote akuzuie."

Mimi kazi yangu ni sauti, afande. Wiki zile baba hakuweza kufikisha maneno manne bila kuvuta pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa na mluzi. Nimezisikiliza pumzi zake kuliko nilivyosikiliza kitu chochote duniani. Huyo wa kwenye simu alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja, hakupumua hata mara moja.

Baba alinyanyuka kwenye kiti. Alikwenda mpaka alipokaa Kitinda, akaweka kiganja juu ya simu, akaifunika, akakaa hivyo. Kitinda alikuwa anasema, "Mzee, ni mimi, Mzee." Baba alikuwa amegeuza uso ukutani. Mwishowe Kitinda aliiachia simu akatoka, na hajarudi. Simu hiyo nimeikabidhi pia.

Jana shangazi amenipigia akasema mambo ya damu moja yamalizwe ndani. Nimemsikia. Lakini spika ya duka lile bado inaongea, na wagonjwa wanaisikia. Nimemuuliza baba kama tuje au tusije, akavaa viatu.

Niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe ni hayo. Nimesomewa, nimeona yako sawa na nilivyoyasema, baba hakunigonga mkono.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maoni ya afisa aliyeandika: Shahidi ametoa maelezo kwa utulivu, alikatiza mara moja tu kuomba maji. Vielelezo viwili vimepokelewa: feni ya kompyuta yenye waya uliokatwa, na simu ya mkononi. Nilicheza sauti iliyo kwenye simu mbele ya mzee aliyeambatana na shahidi, nikamuuliza kama ana la kuongeza. Aliomba kalamu kwa ishara. Ameandika kwa mkono wake chini ya ukurasa huu na kutia sahihi: "Huyu anayeongea simfahamu."