Mpunga wa Kona ya Kanga

Mikese, 10 Juni 2024

Binti yangu Jesca,

Hujambo wewe na wajukuu zangu walafi? Mimi mzima. Hilo jicho mnaloliita bovu limeona mambo tangu nishuke kwenye basi.

Limeona shamba limenyolewa kama kichwa cha askari! Mdogo wako Shukuru kaleta mashine ya kuvunia nikiwa kwako Kihonda, nikimsubiri daktari wa macho aliyesogeza siku. Sawa, mpunga wa kuuza ni wake, avune hata kwa meno. Lakini kona ya mtoni, pale nilipofunga kanga ya njano ya marehemu mama yako, ni mbegu. Aliolewa na mbegu hiyo, kaifunga fundo moja kwenye pindo la kanga. Miaka arobaini na moja naikata mwenyewe kwa mundu. Kanga nimeikuta kitandani kwangu, imekunjwa vizuri. Mashine haikunji kanga, Jesca.

Nauliza mbegu iko wapi, Shukuru anajibu, "Muulize dada." Haya, nakuuliza. Usipige simu, utalia nisahau swali.

Na ule wali wako wa Jumapili! Ulinukia kama wa mama yako. Umenunua duka gani?

Baba yako

Kihonda, 17 Juni 2024

Shikamoo baba,

Sisi wazima, watoto wanakuulizia.

Mashine ilipita bondeni siku moja tu. Shukuru alisema ukiwepo utalala mbele ya magurudumu. Daktari wa macho hakusogeza siku, baba. Ni mimi.

Gunia la kona aliniletea mimi, akisema mwakani tunapanda mbegu ya kisasa. Nilijua ni gunia gani. Nikalikoboa lote. Hakuna duka. Ulipousifu ule wali nilitaka kukuambia, ukaomba nikuongeze.

Nisamehe.

Mwanao Jesca

Mikese, 2 Julai 2024

Jesca,

Salamu zimefika. Afya yangu usiulize, nimeshiba.

Kumbe mbegu nimeila mwenyewe, na sahani nikailamba! Mama yako huko aliko kashika mbavu kwa kicheko. Shukuru namjua, tangu mdogo anaiba sukari na kujifuta mdomo. Aliyekuwa akija kunishtakia ni wewe.

Jana, kwenye kona ileile, nyuma ya kichuguu ambako mashine haikufika, nimekuta mashuke tisa yamesimama. Nimeyakata kwa mundu, nimeyafunga kwenye pindo la kanga ileile.

Likizo njoo na watoto, nitawapikia ugali. Ila usiniulize nimeyaficha wapi.

Baba