Afisa Alivyokuja Kumkagua Nuhu

Beatrisi, acha kubangua korosho usome hii. Nimeumbuka, shoga! Nimeumbuka mimi na ndoo yangu ya pombe ya uraka.

Si unajua mjukuu wangu Nuhu alikamatwa na bangi, kaacha, mahakama ikampa kifungo cha nje? Leo afisa wake, kijana mgeni kabisa huku Mkotokuyana, katokea ghafla kukagua kama nyumbani kuna kilevi. Akikikuta, Nuhu anarudi ndani, jela.

Na ndoo iko pale pale jikoni!

Akafunua. "Bibi, hii nini?"

"Maji ya mabibo, baba." Si uongo. Sikumwambia tu kwamba yameshachacha.

Akasema ana kiu. ANA KIU, Beatrisi! Nuhu akanitolea macho, nikamkanyaga mguu.

Kikombe cha kwanza, akatufundisha madhara ya ulevi. Cha pili, akasema vishawishi vinaanzia nyumbani. Cha tatu akalia, eti yeye hakuna anayekuja kumwangalia. Analia, shoga, na kikombe kakikumbatia!

Ikabidi Nuhu ampakie kwenye baiskeli amrudishe. Njiani mwenyekiti wa kijiji akawasimamisha: "Nyie, mfungwa wa nje ni yupi hapa?"

"Ni mimi, mzee. Mshike huko, asidondoke."

Nuhu aliporudi kunisimulia, mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nuhu hakucheka. Kasimama mlangoni: "Bibi, unataka nirudi ndani?"

Nikaibeba ile ndoo, nikatoka nayo nje.

Nimeimwaga, shoga. Yote. Afisa akirudi na kiu yake, atakunywa maji ya kisima.