Nusu Bado Imo Mwilini

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi ya huko? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Wanao nawaota mara kwa mara, sijui kama wao bado wanaikumbuka sura yangu. Sisi huku hatujambo, ila mimi uzima wangu ni wa kuungaunga, na ndiyo sababu ya barua hii. Isome ukiwa umekaa.

Kwanza kabisa, nimesikia wifi yangu alikupigia akuombe umtumie vichupa vya dawa ya kupunguza unene, akakuambia ni vyangu. Si vyangu, dada. Usitume hata kimoja.

Unajua kazi yangu ya kupika pale hospitalini. Kutwa nimesimama mbele ya masufuria, naonja hiki, naonja kile, na miaka kumi na mitatu ya kuonja imenijaza mwili. Wifi naye mdomo wake hauna breki. Mbele ya wageni aliniambia, "Wifi, aproni yako siku hizi inafunika mbele tu, nyuma imekata tamaa." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini neno lilinichoma. Wiki ileile nikajipeleka saluni kwake.

Ungeiona ile friji! Vichupa vimelazwa kati ya soda na mkebe wa dawa ya nywele, lebo zimekwanguliwa, nywele za wateja zimenasa kwenye mpira wa mlango. Akavuta dawa kwa bomba dogo la sindano, akanionyesha namna ya kujidunga tumboni, nikadunga ya kwanza palepale, akanifungia kichupa changu kwenye karatasi. Nikamuuliza nidunge kila baada ya siku ngapi. Akasema, "Sisi hatupimi kwa vitabu, tunapima kwa njaa. Ukisikia njaa, ujue imeisha. Dunga nyingine."

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikaamini. Siku ya tatu nikasikia njaa, nikadunga. Zikapita siku tatu nyingine, nikadunga tena. Wiki ya tatu inaisha, nimeshajidunga mara saba.

Ndipo kinyaa kiliponishika, dada, kinyaa nisichowahi kukijua hata nilipokuwa na mimba. Kitunguu kikikaangwa, nakimbilia nje. Mafuta nayaona kama yananitambaa kooni. Mashati ya mume wangu niliyatoa nje yakalale kambani, harufu yake siiwezi. Nikicheua, nanuka yai viza, na huko kujikimbia mwenyewe siwezi.

Jumanne moja sufuria la supu ya samaki ya wagonjwa lilikuwa linatokota, nikaonja kijiko kimoja. Nilitapika palepale sakafuni mpaka nyongo, nikaanguka. Nilipozinduka nilikuwa wodini, nina dripu mkononi. Daktari akaniuliza nimekula nini. Ningesema kweli, mambo yangeishia pale. Lakini niliona aibu, nikajibu, "Nadhani ni ile supu."

Supu yote ikamwagwa. Wagonjwa wakala mkate mkavu. Na mwenzangu aliyewaosha wale samaki, yule tunayemtania Mama Usafi kwa sababu huosha mpaka sabuni, akaambiwa akae nyumbani hadi uchunguzi uishe. Nimelala pale, nawasikia wauguzi wakisema, "Kumbe yule mama ni mchafu." Nikafumba macho, nikajifanya nimelala. Kinyaa cha vitunguu hakikuwa kitu mbele ya kile nilichojionea mwenyewe.

Muuguzi mmoja alikuwa ameona alama za sindano tumboni mwangu. Kesho yake akaniletea mfamasia, yule mpole anayekula jikoni kwetu kila mchana. Akavuta kiti, akauliza taratibu, "Ulikuwa unadunga kila baada ya siku ngapi?" Nikamwambia. Akashika kichwa.

"Nani alikuambia njaa ikirudi dawa imeisha? Dawa ya namna hii mwili huitoa polepole mno. Wiki nzima ikipita, nusu bado imo. Ndiyo maana hudungwa mara moja tu kwa wiki, tena mtu huanza na kipimo kidogo, akakaa nacho mwezi kabla ya kuongezewa. Wewe kila sindano umeibwaga juu ya mabaki ya zile za nyuma."

"Basi nipe ya kuitoa," nikamwomba.

"Ya kuitoa hakuna. Wiki ijayo itabaki nusu, inayofuata robo. Hesabu kama wiki tano ndipo isalie kidogo tu. Hayo ni kama kweli ndani ya kichupa kulikuwa na dawa hiyo, maana lebo hakina."

Wiki tano! Nikafikiri, na Mama Usafi naye akae nyumbani wiki tano akiitwa mchafu? Nikamwomba mfamasia anishikie dripu, tukaburuzana hadi kwa mkuu wa jiko, nikasema yote mbele ya watu. Nimepewa barua ya onyo, na ni haki yangu. Mwenzangu aliitwa kazini siku iliyofuata.

Wifi alikuja kunitazama nilipotoka hospitalini. Hata pole hakusema. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akauliza, "Kile kichupa kimebaki na kiasi gani? Nina bibi harusi ananisubiri." Nilizitazama zile kucha zake za rangi, nikapata kichefuchefu ambacho hakikutoka kwenye dawa. Kichupa nilishamkabidhi mfamasia, naye amekipeleka kwa wanaohusika. Mume wangu, kaka yake wa tumbo moja, ndiye aliyemfungulia mlango atoke. Saluni bado iko wazi, dada, na ndiyo maana nakusihi usimtumie kitu.

Mama nimemweleza mwenyewe. Amenisema kutwa nzima, kisha akaniagiza nikusalimie. Mfikishie shemeji salamu zangu, na wanao wote, na mama mkwe wako. Mungu akutunze huko ugenini, akurudishe ukiwa na miguu yako miwili.

Kazini nimerudi, hii ni wiki ya tatu tangu sindano ya mwisho, na supu bado siwezi kuonja. Mama Usafi ndiye anayenionjea. Hajanisalimia tangu arudi. Huja na kijiko chake, changu hakigusi, huonja, husema "chumvi" au "basi," kisha huyo anarudi kwenye samaki wake. Nami natia chumvi.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye hata nikiwa na aibu.